Spika, Tarishi na Mshawishi: Nani Hufanya Nini Katika Bunge la Wanafunzi Marekani

Mzazi mmoja Mkongo alinisimamisha nje ya kanisa Jumapili moja, akatoa mfukoni barua iliyokunjwa mara nne. Mwanawe alikuwa amealikwa kwenye bunge la wanafunzi la jimbo, na mbele ya jina lake kilikuwepo cheo cha Kiingereza, "lobbyist", ambacho mzee alikwisha kiuliza kwenye simu. Simu ilimjibu kwamba ni mtu anayewashawishi wabunge. Akainamisha kichwa akaniuliza taratibu: "Ndugu yangu, mtoto wanamufundisha kutoa matabishi?"

Matabishi ya Wakongo ndiyo kitu kidogo chetu. Nilimwambia hapana, hafundishwi kuhonga, na kumweleza kilikuwa nini hasa kulinichukua nusu saa tukiwa tumesimama kwenye baridi. Tangu hapo nimesikia mengine: mama aliyeumia kwa sababu binti yake kapewa kazi ya tarishi, baba aliyewapigia ndugu simu Kisumu kwamba kijana kawa gavana. Tunawapeleka watoto kwenye jambo zuri bila kulielewa, tukishindwa hata kuwauliza swali la maana wakirudi. Ndiyo maana naandika.

Bunge lenyewe ni lipi?

Ni programu ambayo vijana wa sekondari wanaliendesha bunge la jimbo lao kwa mfano. Wanaandika miswada, wanaijadili kwenye kamati, wanaipigia kura ukumbini, na kijana mwenzao mwenye cheo cha gavana anaisaini au anaikataa. Zipo mbili zinazojulikana zaidi. Ya YMCA, chama cha vijana chenye asili ya Kikristo, ilianzia Albany, makao makuu ya jimbo la New York, mwaka 1936, na mwanzilishi wake alikuwa Clement Duran. Mwaka mmoja kabla yake, 1935, chama cha wanajeshi wa zamani cha American Legion kilianzisha Boys State huko Illinois, na ya wasichana, Girls State, ikafuata baadaye.

Mwendo wake hautofautiani sana, ila kwa YMCA vijana huandaliwa kwa miezi kwenye klabu zao za shule au mtaa, kisha hukusanyika siku chache, mara nyingi ndani ya jengo la bunge lenyewe, wakakalia viti vilevile wanavyokalia wabunge wa kweli. Boys State ni kama wiki moja ya kiangazi, na vijana hugawanywa kwenye vyama viwili vya kubuni. Bill Clinton alipita huko akiwa kijana wa Arkansas, akachaguliwa kwenda ngazi ya taifa Washington, na Julai 1963 akapeana mkono na Rais Kennedy kwenye bustani ya Ikulu.

Sasa neno linalotuchanganya kuliko yote: jimbo. Kwa Mtanzania, jimbo ni eneo analochaguliwa mbunge mmoja, jimbo la Kawe, jimbo la Ubungo. Ukimpigia shangazi Dar es Salaam ukamwambia mtoto yuko bunge la jimbo, anasikia kitu cha ukubwa wa kata tatu nne. Jimbo la Marekani ni karibu nchi ndani ya nchi. Lina katiba yake, gavana wake, bunge lake na mahakama yake ya juu.

Mfano wetu wa karibu ni Zanzibar. Ina Rais wake na Baraza la Wawakilishi lake, huku ulinzi, uraia na mambo ya nje yakibaki kwenye Muungano. Mkenya aanzie kwenye bunge la kaunti, halafu aliongezee nguvu mara nyingi, kwa sababu bunge la kaunti haliwezi kuandika sheria ya mauaji wala ya ndoa, na bunge la jimbo hapa linaandika zote mbili. Mkongo analo bunge la jimbo na anaye gavana, ila gavana wake huchaguliwa na wabunge wa jimbo, na wa hapa huchaguliwa na wananchi wenyewe. Na Mtanzania nakusihi usimfananishe gavana na mkuu wa mkoa. Mkuu wa mkoa ameteuliwa na Rais na anaweza kuondolewa kesho asubuhi. Gavana hakuwekwa na Rais, na Rais hana uwezo wa kumtoa.

Hapo ndipo miswada mingi ya watoto wetu hukwama kabla haijaanza. Kijana ana shangazi aliyekwama Nairobi miaka akisubiri viza, anaandika muswada mzuri wa kuharakisha viza, na anaambiwa hauwezi kujadiliwa. Anarudi nyumbani akiamini wamemkatalia kwa sababu ni mgeni. Hapana. Viza na uhamiaji ni mambo ya Washington, kama vile Baraza la Wawakilishi la Zanzibar lisivyoweza kutunga sheria ya uraia. Mambo ya jimbo ni shule, leseni ya udereva, barabara za jimbo, vyuo vikuu vya umma, na makosa mengi ya jinai. Mwambie mapema, utamwokolea wiki tatu za kazi.

Kitu kimoja zaidi kabla ya vyeo. Mabunge haya yana mabaraza mawili, Seneti na Baraza la Wawakilishi, na muswada lazima upite yote mawili. Texas ina maseneta 31 na wawakilishi 150. New Hampshire, ingawa ni jimbo dogo, ina wawakilishi 400. Nebraska peke yake ina baraza moja, tangu 1937, lenye watu 49.

Tufuate karatasi moja

Vyeo ukivisoma kwenye orodha havieleweki. Vinaeleweka ukifuata karatasi inavyopita mkono hadi mkono. Tuseme yupo binti, tumwite Neema, ambaye mama yake amefeli mara mbili mtihani wa maandishi wa udereva. Kuendesha anajua, miaka kumi aliendesha Arusha, lakini maswali yameandikwa kwa Kiingereza cha mitego. Neema anaandika muswada kwamba kila ofisi ya leseni ya jimbo lao itoe mtihani huo kwa Kiswahili pia.

Neema ni mwakilishi, cheo ambacho vijana wengi zaidi wanakuwa nacho. Wazazi hukiona kidogo kwa sababu hakina neno "mkuu" wala "rais" ndani yake, lakini ndicho, pamoja na kile cha seneta, chenye haki mbili kwa pamoja, kuleta muswada na kuupigia kura. Gavana hana haki hizo. Spika anazo kwa jina tu, maana akiwa kitini hatetei wala hapingi.

Kazi ya mwakilishi huanza na kuandika, na kuandika muswada si kuandika insha. Karatasi ina sehemu zake: kichwa cha muswada, maana ya maneno yaliyotumika, nini kitabadilika, nani atatekeleza, adhabu kama ipo, pesa zitatoka wapi, na sheria itaanza lini. Kipengele cha pesa ndicho kinachoua. Fikiria kikao cha harusi: kila mtu anataka bendi, mapambo na keki ya ngazi tano, mpaka katibu anapouliza nani anaahidi kiasi gani, ukumbi unanyamaza. Neema akiandika tu "jimbo litalipa", ataulizwa kwa fungu gani. Akiandika kwamba maswali yatafasiriwa mara moja na kutumiwa ofisi zote, na kwamba gharama itatoka kwenye ada za leseni zinazokusanywa tayari, ana pa kusimama.

Karatasi inaingia kwenye kamati, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo kazi kubwa ilipo ingawa picha hazipigwi. Kamati ni vijana kumi na kitu kwenye chumba kidogo. Mwenyekiti wa kamati anaamua muswada upi uanze, nani aseme kwa dakika ngapi, na lini maswali yakome. Wana miswada mingi na saa chache. Mwenyekiti mlegevu akiwaacha watu wabishane dakika arobaini juu ya muswada wa kwanza, wenye muswada wa tisa hawatasikilizwa kabisa, na kosa si lao. Nikiulizwa ni cheo gani kinamkomaza kijana kuliko vyote, nasema hiki, hata mbele ya ugavana.

Nilikaa nyuma ya chumba kimoja cha namna hiyo, mahali wanapowekwa wazazi na walezi. Msichana aliyekuwa mwenyekiti alikuwa na saa ya mkononi ameivua na kuilaza mezani mbele yake. Mvulana mmoja aliongea vizuri sana, kila mtu akimwangalia, na sekunde zake zilipoisha msichana akagonga nyundo mara moja, kwa upole, akasema muda wako umekwisha, asante. Mvulana akataka kumalizia sentensi. Akagonga tena. Wale walikuwa marafiki, walikuja kwenye basi moja. Akakaa, naye akamwita anayefuata, msichana aliyekuwa akisoma kutoka kwenye karatasi huku mikono ikitetemeka, na huyo akapewa sekunde zilezile, bila kupunguziwa hata moja.

Ni kwenye kamati pia ndipo yule mtoto wa mzee wa kanisani anapofanya kazi yake. Mshawishi hapigi kura na hana muswada. Anawakilisha kundi fulani, tuseme wenye shule za udereva, au wazazi wahamiaji, au madereva wa malori, naye huzungumza na wawakilishi mmoja mmoja kwenye korido au kutoa maelezo mbele ya kamati ikiruhusu. Anavaa beji inayosema yeye ni nani, ili anayezungumza naye ajue anasikiliza upande gani. Huko kwenye mabunge ya kweli ni kazi inayosajiliwa kisheria, na akitoa hongo anashitakiwa kama mtu mwingine yeyote. Wapo wanaoichafua, na watu wana haki ya kuwatilia shaka. Lakini mama anayekwenda kwa mbunge kumwambia mtihani huu unatunyima kazi anafanya kitu kilekile, ila yeye halipwi.

Kwenye kamati, mshawishi wa madereva wa malori anamwambia mwenyekiti kwamba alama za barabarani zimeandikwa Kiingereza, je, aliyefanya mtihani kwa Kiswahili atazisoma? Hilo ni swali la haki. Neema analijibu kwa marekebisho, yaani mstari mpya ndani ya muswada: sehemu ya alama itabaki kwa Kiingereza, maswali mengine yote yatakuwa kwa Kiswahili. Kamati inapiga kura, muswada unapita kwenda ukumbini.

Ukumbini

Hapa yupo Spika, na hapa Watanzania na Wakenya tunakosea kwa namna moja, Wamarekani kwa namna nyingine. Kwetu tumezoea Spika kama mwamuzi. Wengi wetu tunaijua sauti ile: "Mheshimiwa Spika, naomba kutoa hoja", wengine wanasimama kuafiki, kisha "walioafiki wameshinda". Kwenye bunge la kweli la jimbo la Marekani, Spika kwa kawaida ni kiongozi wa chama chenye wabunge wengi, na ni mmoja wa watu wenye nguvu zaidi jimboni, kwa sababu yeye ndiye mwenye sauti kubwa juu ya nani akae kamati gani na muswada gani ufike ukumbini. Lakini kwenye bunge la wanafunzi la YMCA kwa kawaida hakuna vyama, kwa hiyo Spika wake anafanana zaidi na wetu: refa. Anatoa nafasi ya kusema kwa wanaounga mkono na wanaopinga kwa zamu, anaamua juu ya hoja za utaratibu, anatangaza matokeo.

Kwa hiyo mzazi anayekuja akitegemea kumsikia mwanawe Spika akihutubia anaondoka na masikitiko. Spika mzuri ndiye anayesema kwa uchache kuliko wote ukumbini. Anatakiwa azijue kanuni kuliko wenzake, na aweze kumnyima nafasi anayempenda.

Kwenye Seneti kiti hicho mara nyingi hukaliwa na naibu gavana, kwa kufuata desturi ya majimbo kama Texas. Kwetu naibu ni mtu wa kumsaidia mkubwa, hivyo tunashangaa naibu wa gavana anatafuta nini kwenye kiti cha bunge. Ndivyo katiba za majimbo hayo zilivyopanga: anaongoza vikao vya Seneti, na kwa kawaida hapigi kura ila zikifungana.

Mbele ya Spika, chini kidogo, anakaa katibu wa bunge. Namwonea huruma kijana huyu, kwa sababu akifanya kazi vizuri hakuna anayemwona. Anasoma namba na kichwa cha muswada, anahesabu na kuandika kura, na zaidi ya yote anahakikisha karatasi inayopigiwa kura ndiyo ile yenye marekebisho. Rudi kwa Neema. Kamati iliongeza mstari wa alama za barabarani. Katibu akichanganya nakala, baraza moja litapitisha muswada wenye mstari ule na lingine litapitisha usio nao. Kisheria hiyo ni miswada miwili tofauti, na hakuna hata mmoja uliopita.

Tarishi ndiye anayebeba ujumbe. Wakati kikao kinaendelea, mwakilishi haruhusiwi kuinuka na kwenda kunong'ona na mwenzake upande wa pili, wala kuvuka kwenda Seneti. Anaandika kikaratasi, anainua mkono, tarishi anakuja kukichukua. Marekebisho yaliyoandikwa nayo humfikia katibu kwa mikono yake. Kazi hii mara nyingi hupewa wadogo, wa darasa la nane au la tisa, na mwaka unaofuata wanapokuwa wawakilishi wanajua tayari mambo yanavyokwenda, kwa sababu wamekaa siku tatu karibu na kila kiti ukumbini. Yule mama aliyeumia kwa ajili ya binti yake nilimwambia hivyo hivyo. Mabunge ya kweli nayo huajiri vijana kwa kazi hii.

Mpambe analinda mlango na utulivu. Washawishi na waandishi wa habari hawavuki mstari kuingia kati ya wawakilishi, na yeye ndiye anayewaambia hivyo, hata kama ni kaka yake.

Gavana, na wale wasiopiga kura

Muswada wa Neema ukipita mabaraza yote mawili unafika mezani kwa gavana. Vijana humchagua kwa kampeni na hotuba, mara nyingi kwenye mkutano wa mwaka uliotangulia, na ni kweli ni heshima kubwa. Ila wengi wanadhani gavana ndiye bosi wa bunge, na jambo hilo halipo. Hawezi kuleta muswada mwenyewe, lazima ampate mwakilishi wa kuubeba. Haketi kati yao kujibu maswali kama Waziri Mkuu anavyojibu Dodoma. Hawezi kubadilisha neno ndani ya muswada akaanza kuutumia kwa namna yake. Anaweza kusaini, au kuurudisha kwa maandishi akieleza sababu, ndiyo tunaita kura ya turufu.

Na turufu hiyo si mwisho. Kwenye majimbo mengi bunge likipata theluthi mbili ya kura katika kila baraza, muswada unakuwa sheria gavana apende asipende. Kwenye majimbo machache, Kentucky, Indiana na Tennessee yakiwemo, wingi wa kawaida wa wabunge wote unatosha, kwa hiyo turufu ya gavana wa huko ni nyepesi zaidi. Mabunge ya wanafunzi huchukua kanuni zao kutoka kwa jimbo lao na kuzirahisisha, kwa hiyo mwambie mwanao akuonyeshe ya kwake inasemaje.

Kuna vijana wengine utakaowaona. Waandishi wa habari wanaandika gazeti la mkutano kila usiku, na kanuni yao ngumu ni kuandika vizuri juu ya muswada wanaouchukia. Sehemu nyingi kuna mahakama ya mfano, mawakili wakitetea rufaa mbele ya majaji wanafunzi. Hao hawatungi sheria. Wanasoma iliyopo na kusema inamaanisha nini.

Walezi, watu wazima waliokuja na vijana, hukaa nyuma kimya. Hili huwashinda wengi, mimi nikiwa mmoja wao, kwa sababu unamwona mtoto anajikwaa kwenye kanuni unayoijua na huruhusiwi kumnong'oneza.

Mambo matatu ninayoulizwa kila mara

Je, muswada ukisainiwa ni sheria? Hapana. Hauna nguvu yoyote nje ya ukumbi ule. Mbunge wa kweli akiupenda anaweza kuuchukua na kuupeleka kwenye bunge lake, ambako utaanza upya kabisa. Hakuna kinachomzuia Neema kuuchapisha na kuupeleka mwenyewe ofisini kwa mwakilishi wa eneo lao, na ningekuwa mzazi wake ningempeleka na gari.

Je, watoto wanaingizwa kwenye vyama? Programu ya YMCA haina chama. Vyama vya Boys State ni majina ya kubuni na kijana hupangiwa, hachagui. Ukumbini utawasikia watoto wakitetea mambo ambayo hukubaliani nayo nyumbani kwako. Wanao wenzao wanaoyapinga, kwa dakika zilezile.

Je, mwenye lafudhi nzito afanye nini? Hili linaniuma, maana nimeona wazazi wakiwazuia watoto wao kwa hofu hiyo. Kanuni za bunge zinamlinda anayesema polepole kuliko mazungumzo ya kantini yanavyomlinda: akiwa na nafasi, hakuna anayeruhusiwa kumkatiza. Akitaka kuanza taratibu, ukatibu, uandishi wa habari na utarishi ni milango ya kweli, na mwaka unaofuata ataomba mwingine mwenyewe.

Ukipata siku ya mapumziko, nenda. Wageni hukaa kwenye roshani juu ya ukumbi, na kanuni ya huko ni ileile ya bunge la kweli: simu zimezimwa, hakuna makofi, hakuna kumpungia mtoto mkono. Muswada wake ukipita utajua kwa kuona katibu akiandika namba na Spika akigonga nyundo, na papo hapo wanaanza muswada unaofuata. Vigelegele vitunze mpaka nje kwenye ngazi. Huko piga vyote.